Mshale Mmoja Badala ya Miwili

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya nne tangu amtie Jael ndani, Inspekta Mwanatatu Kaviha alirudi kwenye ofisi ya ambulensi pale Shika Adabu, Likoni, kwa shughuli aliyodhani haitazidi nusu saa. Alitaka nakala ya kumbukumbu za kompyuta, aiweke kwenye jalada, na Jumatatu jalada lifike kwa mwendesha mashtaka. Alikuja na Sajini Dancun, mtu wa Siaya mwenye miwani mizito, ambaye kituoni kwao ndiye pekee aliyeijua kompyuta zaidi ya kuchapia barua.

Kesi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Alhamisi ya wiki iliyopita Hadeel, binti wa Mzee Ghanim mwenye duka la vitambaa, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, akajifungulia nyumbani kwao karibu na Shelly Beach, na damu ikakataa kusimama. Mzee Ghanim aliipigia simu ambulensi saa tatu na dakika arobaini na mbili. Sauti ya mwanamke ikamwambia, "Gari linakuja, baba." Akapiga tena, na tena. Gari lilifika saa tano na robo. Mtoto alipona. Hadeel hakupona.

Aliyepokea simu zile ni Jael, mwanamke wa Vihiga wa miaka thelathini na minne. Aliyekuwa na gari ni dereva Jacktone. Jael alisema alimwita Jacktone kwa redio dakika ile ile na Jacktone akaitikia. Jacktone aliapa kwamba redio yake ilikaa kimya mpaka saa tano kasorobo. Mmoja wao alikuwa mwongo, na mwongo huyo ndiye aliyemuua Hadeel, hivyo ndivyo Mwanatatu alivyoliona jambo hilo.

Kampuni ya simu ilithibitisha simu za mzee, lakini mambo ya redio hayafiki kwenye kampuni ya simu. Yaliandikwa mahali pamoja tu, kwenye faili moja ndani ya kompyuta ya ofisi. Mtambo wenyewe uliandika: simu imeingia, mstari; agizo limetoka, mstari; dereva akibonyeza kitufe cha kuitikia, mstari mwingine, kila mmoja na saa yake. Faili hiyo ilipofunguliwa, Alhamisi haikuwamo. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Jumatatu, saa tano na dakika hamsini na tatu asubuhi. Yote yaliyotangulia, ya miezi minane, yalikuwa yametoweka.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile, kijana mstaarabu wa pale pale Likoni aitwaye Safwan, ndiye aliyemweleza. "Imefutwa usiku wa Jumapili, Inspekta. Asubuhi nikaikuta mashine imezima. Nikaiwasha karibu na saa sita." Usiku wa Jumapili Jael alikuwa zamu, peke yake. Mwanatatu hakutaka kusikia zaidi. Jumanne alimkamata, na Jumatano mahakama ikampa siku tano za kumzuia.

Sasa Dancun alikuwa ameketi mbele ya mashine hiyo, akinakili orodha ya amri zote zilizowahi kuandikwa humo. Mara ya kwanza alisahau kuweka tarehe. Akarudia amri, akataja jina lile lile la faili, akabonyeza. Akainama karibu na skrini.

"Imekataa," alisema.

"Imekataa nini?"

"Inasema faili yenye jina hili iko tayari, haitaandika juu yake."

"Si ni kweli? Umeitengeneza sasa hivi."

Dancun alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Afande, mashine za aina hii hazina adabu hiyo. Hazikatai. Unaziambia, zinafanya."

"Nieleze."

Alichukua karatasi akachora alama moja, >, na chini yake akachora mbili zilizofuatana, >>. "Tuseme nataka majibu ya amri yaingie kwenye faili. Nikiweka mshale mmoja, mashine inayamwaga humo. Kama faili ilikuwa na kitu, inakifuta kwanza. Haikuulizi kama una hakika. Nikiweka miwili, inaongeza chini na ya juu inayaacha. Kwa hivyo tofauti ya kuongeza na kufuta ni kidole kugusa mara mbili au mara moja."

"Na hii imekataa mshale mmoja."

"Kwa sababu kuna mtu ameufunga." Aliandika kitu, skrini ikajaa mistari, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Neno lilikuwa moja: noclobber. "Ukiliweka neno hili kwenye mipangilio, mshale mmoja hauwezi kugusa faili iliyopo. Ukitaka kulazimisha, uongeze alama nyingine kwa kusudi. Miwili haizuiwi, kwa sababu haifuti."

"Labda ilinunuliwa hivyo."

"Haiuzwi hivyo. Ni lazima mtu aliandike kwa mkono. Na wengi wetu hatuliandiki. Mimi mwenyewe niliandika nilipopoteza kazi ya mwezi mzima."

Mwanatatu alivuta kiti akaketi. Chumba cha pili, mpokea simu wa zamu alisikika akisema, "Ambulensi. Sema uko wapi, mama," kisha redio ikakoroma.

"Liliandikwa lini?"

Dancun aliuliza mashine. "Jumatatu. Saa tano na dakika hamsini na nane."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Dakika tano baada ya mstari wa kwanza uliosalia. Mwanatatu aliurudia muda huo kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayesoma namba ya nyumba asiyoitarajia. Anayefuta ushahidi kwa kusudi hujiendea zake. Hakai dakika tano zaidi akiiwekea mashine kinga ili faili isije ikafutwa tena.

"Basi haikufutwa usiku wa Jumapili," alisema. "Lakini aliniambia mashine ilikuwa imezima mpaka karibu na saa sita. Iliwashwa saa ngapi?"

Dancun aliandika neno moja. Jibu lilikuja mstari mmoja, naye akalisoma mara mbili kabla ya kulitamka.

"Haikuwashwa, Afande. Haijazimwa kwa siku themanini na tatu."

Mwanatatu alitoa daftari mfukoni. Lilikuwa daftari lake la kazi, lenye jalada jeusi, ambalo alijisifia mbele ya makonstebo wapya kwamba halikosi saa. Alifungua ukurasa wa Jumatatu. *Jael, kuandikisha taarifa. Chumba namba mbili. Imeanza saa tano na robo, imekwisha saa saba kasorobo.* Pembeni, kwa herufi ndogo: *Saa tano na dakika arobaini, nimempigia Safwan mara ya tatu. Nataka ya Alhamisi kabla ya saa sita.*

Mwandiko ulikuwa wake. Faili ilipokuwa inatoweka, mwanamke aliyetuhumiwa kuifuta alikuwa ameketi mbele yake, ng'ambo ya meza, akijibu maswali yake. Alimwacha chumbani mara moja tu, kwenda ukumbini kumpigia fundi simu kwa ukali, na aliporudi Jael alikuwa pale pale, mikono juu ya meza.

Alilifunga daftari. Dancun alikuwa ameshaona, kwa kuwa ukurasa ulikuwa mbele yake pia, lakini aliikazia macho kibodi.

"Niitie Safwan," Mwanatatu alisema.

Safwan aliingia amevaa kanzu nyeupe na kofia ya Ijumaa, harufu ya udi ikimtangulia. "Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Keti."

Aliketi. Mwanatatu hakumkaribisha kwa maneno mengine.

"Jumatatu uliiwasha mashine saa ngapi?"

"Kama nalivyokwambia. Karibu na saa sita."

"Ilikuwa imezima tangu lini?"

"Tangu usiku, nadhani. Nalikuja nikaikuta hivyo."

Mwanatatu aliigeuza skrini upande wake. "Soma hapo."

Safwan alisoma. "Siku themanini na tatu. Huenda hesabu yake..."

"Safwan."

Akarudisha macho kwenye skrini.

"Na hili neno la chini, la kuzuia kuandika juu ya faili. Nani aliliweka?"

Chumba cha pili simu ililia mara mbili ikapokelewa. Safwan alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, akaanza kuikunja na kuikunjua.

"Ni mimi."

"Kwa nini Jumatatu, na si siku nyingine yoyote ya mwaka?"

"Kwa sababu nalikuwa nishaipoteza."

"Ipoteze tena mbele yangu. Hatua kwa hatua."

Alieleza bila kuinua macho. Mwanatatu alipompigia mara ya tatu, yeye alitaka kumtolea mistari ya Alhamisi peke yake, aiweke kwenye faili ndogo, aitie kwenye flashi. Kwanza aliitafuta, ikaja yote kwenye skrini. Akaisoma. Kisha akairudia amri ile ile, akaongeza mshale, akaanza kuandika jina la faili mpya.

"Mashine hii ukiandika herufi mbili tatu, ukibonyeza kitufe, yakumalizia jina. Ikanimalizia jina la faili kubwa. Ile ile niliyokuwa nikiisoma. Sikuangalia. Nikabonyeza."

"Ikafanya nini?"

"Haikufanya kitu. Hilo ndilo baya lake. Haikulia, haikuuliza. Nikaifungua, tupu. Miezi minane, Inspekta. Yafuta kwanza ndipo yasoma. Ilipokwenda kuitafuta Alhamisi, palikuwa hapana tena cha kutafuta. Nikasubiri kidogo, simu ya mtu mwengine ikaingia, ikajiandika ya kwanza, kama kwamba hapajapata kuwa na nyingine."

"Hakuna nakala mahali pengine?"

"Nalikuwa na ahadi ya kuweka. Tangu mwaka jana."

"Basi ungesema hivyo. Umekosea. Watu hukosea."

"Nalidhani nitairudisha. Nalijaribu mpaka usiku. Wewe ukapiga, nikasema imefutwa usiku wa Jumapili, nikadhani nimejipa siku moja. Ukaniuliza nani alikuwa zamu Jumapili. Nikakutajia. Lilikuwa kweli, alikuwa zamu."

Dancun alikuwa akiandika taarifa. Kalamu yake ilisimama.

Mwanatatu aliinama mbele. "Umesema Alhamisi ilikuja kwenye skrini ukaisoma."

"Ndiyo."

"Ilisema nini?"

Safwan alitia mkono mfuko wa kanzu, akatoa simu, akaitafuta picha kwa kidole, akaiweka mezani.

Ilikuwa picha ya skrini ile ile, imepigwa upandeupande, na mwanga wa dirisha umekata pembe moja. Lakini mistari ilisomeka. Saa tatu na dakika arobaini na mbili, simu. Arobaini na tatu, agizo kwa gari la pili. Arobaini na nne, gari la pili limeitikia. Saa nne na dakika tano, simu. Saa nne na dakika sita, agizo, hakuna jibu. Saa nne na nusu, simu. Agizo, hakuna jibu. Agizo, hakuna jibu. Agizo, hakuna jibu.

Gari la pili ni la Jacktone. Aliitikia, kisha akanyamaza saa nzima.

Mwanatatu aliisoma picha hadi mwisho, akairudia. Jael alikuwa amemwita mtu yule mara tano.

"Uliipiga saa ngapi?"

"Kabla sijaipoteza. Ulikuwa wanihimiza. Nalisema nikutumie upesi, faili ifuate."

"Kwa hivyo Jumanne ulikuwa nayo."

"Ndiyo."

"Nilipokuja kumchukua Jael, ulikuwa umesimama pale mlangoni. Ulitupisha njia."

"Ndiyo."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Kwa nini, Safwan?"

"Ningetoa picha, ungeniuliza faili i wapi."

Alisema hivyo kisha akafunika uso kwa kofia. Alilia kwa sauti ya kukwama, mabega yakimpanda. Ilipungua, akasema, akiwa bado amejifunika: "Hadeel nalimbeba. Wallahi bega langu lilikuwa chini ya jeneza. Twaswali msikiti mmoja na babake. Kila baada ya magharibi yuaniuliza, 'Mwanangu, mashine imesema nini?' Namwambia bado."

Mwanatatu hakumkemea. Maneno ya kumkemea yalikuwepo, na kila alilolifikia aliliona linamhusu yeye kwanza. Nani aliyepiga simu mara tatu? Nani aliyeuliza ni nani alikuwa zamu, akapewa jina, akaondoka nalo kama mtu aliyepewa chenji yake bila kuihesabu?

"Utakuja nasi kituoni," alisema. "Utaandikisha haya yote, na simu utaiacha. Utashtakiwa kwa kuficha ushahidi. Sitakudanganya."

"Na Mzee Ghanim?"

"Utamwambia wewe mwenyewe. Nami nitakuwepo, kwa sababu langu pia nitamwambia."

Dancun alikuwa ameshasimama. "Afande, Jacktone yuko Mikindani kwa dada yake. Nitume watu wamchukue? Wamfunge leo leo?"

Mwanatatu alikuwa tayari ameshafungua mdomo kusema ndiyo. Aliufunga.

"Mwite. Usimfunge. Aje na maelezo ya mahali gari lilipokuwa kuanzia saa tatu na dakika arobaini na nne, dakika kwa dakika, nasi tuyapime kwanza. Picha inasema aliitikia. Haisemi kwa nini alinyamaza. Sitaki kumtia mtu mwingine ndani kwa jambo ambalo sijaliuliza saa yake."

Kabla hawajaondoka, alitoka hadi barazani akampigia simu mkuu wa kituo.

"Jalada la ambulensi nalirudisha, mkuu. Mpe mpelelezi mwingine."

"Kwa nini? Si limekwisha?"

"Siwezi kulishika. Nimekuwa shahidi."

"Shahidi wa nani?"

"Wa Jael. Faili ilipopotea alikuwa nami. Imo kwenye daftari langu tangu Jumatatu."

Mkuu akauliza, taratibu kuliko kawaida yake, iwapo anajua maana ya hilo kwa kazi yake. Mwanatatu akasema anajua. Akaambiwa amwachilie mwanamke huyo mara moja, na yeye aandike maelezo yake, asibakishe kitu.

Seli ya wanawake ilikuwa mwisho wa ukumbi. Jael alitoka pekupeku, kwa kuwa viatu na mshipi wa sketi vilikuwa vimewekwa kaunta. Siku nne zilikuwa zimemlegeza mashavu. Alimtazama Mwanatatu kama anayesubiri kuulizwa tena yale yale.

"Umeachiliwa," Mwanatatu alisema. "Si dhamana. Umeachiliwa kabisa."

Jael hakusogea. "Mmepata nini?"

Mwanatatu alimweleza akiwa amesimama: mshale, faili, picha, mistari mitano ya kumwita Jacktone. Alipofika kwenye saa, alilitoa daftari akalifungua, akamwonyesha ukurasa. "Faili ilipopotea ulikuwa mbele yangu. Nilikuwa naandika maneno yako kwa mkono wangu. Jibu lilikuwa humu, na sikulifungua. Kosa ni langu. Naomba radhi."

Jael aliusoma ukurasa mpaka mwisho. Alikuwa msomaji wa polepole, au alitaka kuwa hivyo siku hiyo.

"Jumanne nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza, hiyo faili ilipotea saa ngapi. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nakumbuka."

"Sema."

"Nilisema hapa ninayeuliza maswali ni mimi."

Jael alitikisa kichwa, taratibu, kama anayekubali kwamba angalau hilo halikupotea. Akavaa viatu. Konstebo wa kaunta alimsogezea kitabu cha kutia sahihi na Mwanatatu akasema kuna gari la kumpeleka nyumbani.

"Sitaki gari. Mama yangu yuko nje. Ametoka Vihiga na basi, amekaa kwa ile benchi tangu jana asubuhi. Watu wanapita wanamwambia mtoto wake aliua mama mwenye alikuwa amezaa." Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Mimi nikimwambia sikufanya, atasema ni mtoto wake anasema. Wewe ndiye ulinifunga. Enda umwambie wewe."

Mwanatatu alitoka. Kwenye benchi ya mbao chini ya mabati alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na zaidi, kitambaa kichwani, mfuko wa plastiki umebanwa katikati ya miguu. Mwanatatu alikuwa amempita mara tatu tangu jana, akidhani amekuja kuripoti kuibiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanamke alimwangalia nyota za begani, kisha uso. "Ni wewe ulifunga mtoto yangu?"

"Ni mimi."

"Na yeye alifanya hiyo kitu?"

"Hakufanya."

Mama yake Jael alisogeza mfuko wake upande mmoja wa benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Basi kaa hapa," alisema. "Uniambie kutoka mwanzo. Na usiruke kitu."

Mwanatatu alivua kofia yake ya kazi, akaketi, akaanza na simu zake tatu za Jumatatu.